Msiba Wenye Waitikiaji: Wasifu wa Wanamuziki Katika Nchi ya Kilosa na Morogoro

Ni nadra mwanamuziki wa Tanzania kuacha nyuma yake kitabu cha maisha yake. Watawala wameandika vitabu, wapigania uhuru wameandika, hata wasafiri waliopita nchini kwa miezi michache wamesimulia habari zao kwa kirefu. Mwanamuziki aghalabu hufa akaacha gitaa, picha mbili tatu za ukutani, na nyimbo. Mwanahistoria atakaye kujua jinsi mtu huyo alivyofiwa na wazazi, au alivyozika ndugu, na jinsi alivyopata nguvu ya kusimama tena jukwaani baada ya matanga, hana kurasa za kufunua. Analo sikio tu. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, wimbo waweza kuhesabiwa kuwa wasifu?

Wako wasemao kuwa hauwezi, kwa kuwa wimbo hautaji tarehe, huficha majina, na hutengeneza mambo ili yalingane na mizani. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haikamiliki. Kitabu cha wasifu huandikwa na mtu mmoja na kusomwa na mtu mmoja mmoja, kila msomaji chumbani mwake. Wimbo hautimii mpaka uitikiwe. Tofauti hiyo ndiyo iliyo muhimu katika habari za msiba. Maana katika nchi ya Kilosa na Morogoro, kama historia yake ya karne ya 20 inavyoonyesha, mtu aliyefiwa alipata ustahimilivu wake kwa kuitikiwa zaidi kuliko kwa kutunga.

Yafaa kuanza na mahali penyewe. Magomeni ni kata ya mji wa Kilosa, na msomaji asiichanganye na Magomeni mashuhuri ya Dar es Salaam. Mji wa Kilosa umelala kando ya mto Mkondoa, chini ya milima ya Usagara, katika njia iliyopitwa na misafara ya pwani na bara kabla ya ukoloni. Wajerumani walijenga boma lao hapo. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na hatimaye ikafika Kigoma mwaka 1914. Baada ya reli yalikuja mashamba makubwa ya mkonge ya Kilosa na Kimamba, na mkonge ulihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Wenyeji wa nchi hiyo, Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, walijikuta wakiishi na Wanyamwezi, Wangoni, Wagogo, Waluguru, na watu waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Wengi wa wageni hao waliletwa kwa mkataba, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba.

Mtu mwenye namba naye hufa. Katika kijiji chake alikozaliwa, kifo kina utaratibu: wako wa kuosha, wako wa kuchimba kaburi, wako wa kulia, na wako wa kuketi na wafiwa mpaka tanga lianuliwe. Miongoni mwa Wasagara, Wakaguru na Waluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno katika mambo mazito ya nyumba. Lakini katika kambi ya mkonge mjomba yuko mbali, mwendo wa siku nyingi. Nani atamlilia marehemu, na nani atampa pole mkewe? Hilo lilikuwa swali la kweli katika kila mji wa reli, na watu walilijibu kwa mila waliyokuwa nayo tayari. Mila hiyo ni utani.

Utani baina ya makabila umeelezwa na wachunguzi wengi, na wengi wao wametazama mizaha yake. Mizaha ni nusu tu ya jambo. Mtani ana haki ya kutukana, lakini ana wajibu wa kuzika. Hufika msibani akachekesha wafiwa, akalala njiani kuzuia jeneza mpaka apewe kitu, akaigiza mwendo na maneno ya marehemu, na watu waliokuwa wakilia wakajikuta wakicheka huku machozi yangali mashavuni. Huyo si ndugu wa damu, na ndiyo maana anafaa. Ndugu wa damu ameelemewa na msiba. Mtani amesimama hatua moja pembeni, mahali ambapo mtu aweza kuubeba msiba bila ya kuangushwa nao. Watu wa bara na watu wa pwani, waliopitana kwa vizazi katika njia za misafara, walikuwa na utani huo, nao ukawafaa katika makambi.

Mwanamuziki wa mjini alirithi kiti cha mtani. Urithi huo haukupita kwa siku moja. Kwanza yalikuja mabeni. Ngoma ya beni ilizaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikaiga tarumbeta, sare na vyeo vya askari wa Kizungu, kisha ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918. Vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilikuwa na wafuasi katika miji mingi ya Tanganyika. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, alionyesha kwamba vyama hivyo havikuwa vya kucheza tu. Mwanachama aliyeugua aliangaliwa, na aliyekufa alizikwa kwa heshima na wenzake. Watawala wa kikoloni walitazama sare na vyeo, wakashuku uasi. Wanachama wenyewe walijua kwamba ajaye kuzikwa peke yake ugenini ana haja ya wenziwe wa ngoma.

Kisha ulikuja muziki wa dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa miaka ya 1930. Morogoro ilipata Moro Jazz mwaka 1944, na baadaye Cuban Marimba. Kilosa nayo ikawa na Kilosa Jazz. Neno jazi katika majina hayo lisimpoteze msomaji, kwa kuwa muziki wenyewe ulikaribia zaidi santuri za Cuba zilizouzwa mijini kuliko jazi ya Marekani. Bendi hizo zilikuwa vyama kabla ya kuwa biashara. Zilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na ada, kama beni, na mtu aliyejiunga nazo alijiunga na nyumba. Mji mdogo kama Morogoro, wenye bendi mbili kubwa zilizoshindana, uligawanyika mashabiki kama ulivyogawanyika zamani kwa Marini na Arinoti.

Aliyeongoza Cuban Marimba alikuwa Salum Abdallah, mzaliwa wa Morogoro wa mwaka 1928, mwana wa baba Mwarabu na mama Mluguru. Inasimuliwa kuwa ujanani, kwa mapenzi ya santuri alizozisikia, alitoroka nyumbani akafika Mombasa akitumaini kupata meli ya kumpeleka Cuba. Meli hakuipata. Alirudi Morogoro, akaunda bendi, na Cuba asiyoifikia akaiweka katika jina lake. Sauti yake ilienea kwa santuri zilizotolewa Mombasa na kwa radio, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1965 alifariki katika ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Aliyeifanya Moro Jazz isikike nchi nzima na nje yake alikuwa Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944 huko Mzenga, wilaya ya Kisarawe, akaacha masomo kwa ajili ya gitaa. Mwaka 1970 bendi yake ilikwenda Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 aliunda bendi ya Super Volcano. Wimbo wake uitwao Shida ulinunuliwa kwa wingi katika Tanzania na Kenya. Januari 1979 naye alifariki kwa ajali ya gari, Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Hivyo mji mmoja, katika muda wa miaka 14, ulipoteza viongozi wake wawili wakubwa wa muziki kwa sababu moja, yaani barabara. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyefikia umri ambao watu huketi wakaandika kumbukumbu zao.

Yatazamwe yaliyotokea baada ya vifo hivyo, maana hapo ndipo tabia ya bendi kama nyumba inapodhihirika. Salum alipofariki, Cuban Marimba haikufa. Juma Kilaza alishika uongozi, na jina likaendelea. Mwana wa kikoa, yaani mwenzi wa chama, alikalia kiti cha marehemu kama mrithi anavyokalia kiti cha mjomba katika ukoo. Wapiga magitaa wakazipiga nyimbo za mtu ambaye sauti yake haikuwapo tena, na wasikilizaji waliokuwa wakimwitikia yeye wakamwitikia aliyemrithi. Katika kitabu, mwandishi akifa kabla ya kumaliza, ukurasa hubaki mtupu. Katika wimbo nafasi ya kiongozi yaweza kujazwa, kwa kuwa waitikiaji wamebaki, nao wanakumbuka mahali pa kuingia.

Dansi lina tatizo moja katika habari za msiba, nalo lisifichwe. Desturi ya nchi ni kwamba palipo na kifo ngoma ya furaha hunyamaza. Jirani mwema hazui shangwe wakati wa matanga. Bendi basi, ambayo kazi yake ni kuchezesha watu siku za mapumziko, ingeimbaje juu ya kifo? Watungaji walipata njia katika umbo la wimbo wenyewe. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi una sehemu mbili. Katika ya kwanza mwimbaji husimulia kwa utaratibu, magitaa yakimfuata kwa chini. Katika ya pili maneno hupungua, kiitikio hurudiwa, na gitaa la solo huchukua usemi. Sehemu ya kwanza yaweza kubeba habari ya msiba, na ya pili huwapa watu kazi ya kufanya na habari hiyo. Wachezaji hawakuwa wakidharau marehemu. Walifanya kama wafanyavyo watani, waliochanganya kilio na kicheko bila ya kukosea adabu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Mfano mmoja unaonyesha nguvu ya njia hiyo na mpaka wake pia. Tarehe 25 Desemba 1971, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa huko Ismani katika ugomvi wa mashamba na siasa ya ujamaa. Moro Jazz ilitoa wimbo wa kumlilia. Barabara ya Iringa hupita Mikumi na kuingia Morogoro, na habari ya kifo hicho haikuwa ya mbali kwa watu wa nchi hiyo. Wimbo ulimfanya mkuu wa mkoa, ambaye wengi hawakumwona kamwe, awe marehemu wa kila mtu. Lakini aliyemuua, mkulima Said Mwamwindi, alihukumiwa kifo akanyongwa, na nyumba yake nayo ilifiwa. Msiba huo wa pili haukuwa na bendi. Kwa hiyo mwanahistoria asidhani kwamba nyimbo zimehifadhi machozi yote ya nchi. Zimehifadhi yale yaliyoruhusiwa kuitikiwa hadharani, wakati ambapo radio ilikuwa moja tu na mali ya serikali. Msiba usio na waitikiaji hukaa nyumbani, na huko mara nyingi hufa pamoja na wenye kuujua.

Hapa yafaa kupima wimbo na kitabu kwa mizani moja. Kiswahili kina bahati ya kuwa na mtu aliyefanya kazi katika pande zote mbili. Shaaban Robert, aliyeishi kati ya 1909 na 1962, alisimulia katika Maisha Yangu kifo cha mkewe Amina, na habari hiyo hakuiachia nathari peke yake. Aliitungia na shairi la maombolezo. Mtu aliyekuwa na uwezo mkubwa wa nathari kuliko wenzake wote wa zama zake aliona kuwa nathari haitoshi pale ilipofika kaburini. Nathari yaweza kueleza namna mtu alivyoondoka. Shairi, kwa vina na mizani yake, hufanya jambo jingine: humlazimisha mfiwa kuhesabu. Silabi nane, kisha nane. Kina cha kati, kisha cha mwisho. Msiba hauna kipimo, na mtu asiye na kipimo huzama. Kazi ya kuupimia msiba maneno humrudisha mtu katika ulimwengu wa vitu vyenye mwanzo na mwisho.

Shaaban Robert huyo huyo ndiye aliyeandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, uliotoka mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, akafariki mwaka 1950. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, na nyimbo zake zilipokea habari za mahakamani, za mitaani na za wanawake waliodhulumiwa. Wimbo wake uitwao Kijiti, kwa mfano, ulieneza habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na ya hukumu iliyowaangukia wenziwe badala ya muuaji. Maisha ya Siti yalihitaji kalamu ya mtu mwingine ili yawe kitabu. Misiba ya wengine ilihitaji sauti ya Siti ili isikike. Mabadilishano hayo yanafundisha. Mwanamuziki ni mwandishi wa wasifu za watu wengi, na wake mwenyewe humsubiri mwandishi asiyefika.

Katika kizazi kilichofuata alitokea mwanamuziki ambaye maisha yake na nyimbo zake vilikaribiana kuliko ilivyokuwa desturi. Njia ya reli ipitayo Kilosa huishia Kigoma, ukingoni mwa ziwa linalotenga Tanzania na Kongo, na katika miaka ya 1960 na 1970 wanamuziki wengi wa Kongo walikuja kutafuta maisha katika miji ya Tanzania. Mmoja wao alikuwa Ramadhani Mtoro Ongala, aliyejulikana kwa jina la Remmy. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba watoto wawili waliomtangulia tumboni mwa mama yake walifariki, kwamba mama alikwenda kwa mganga alipomchukua mimba yeye, na kwamba alizaliwa na meno mawili, ishara ya kuwa atakuwa mganga. Baba yake alikuwa mpiga ngoma na mwimbaji. Wazazi wote wawili walimfia angali kijana mdogo, naye akaingia katika muziki kwa njia ya riziki. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akaongoza Super Matimila.

Mtu wa namna hiyo angeweza kuandika kitabu cha yatima. Hakukiandika. Alitunga wimbo uitwao Kifo, juu ya mauti yenyewe, wenye mwendo wa kuchezeka. Msikilizaji asiyejua habari za Kindu hawezi kuijua nyumba iliyofiwa mara nne nyuma ya wimbo huo, na wala halazimiki kuijua. Kila aliyecheza aliuingiza msiba wake mwenyewe katika nafasi iliyoachwa wazi. Hicho ndicho kilichopotea na ndicho kilichopatikana. Kilichopotea ni majina: mama fulani, baba fulani, watoto wawili waliokufa kabla ya kupata ndugu. Kilichopatikana ni kwamba mwana wa marehemu hao aliimba mbele ya maelfu, Afrika Mashariki na Ulaya, na maelfu hao wakamwitikia. Yatima aliyekosa ukoo ugenini alijipatia ukoo kila usiku wa dansi. Remmy alifariki Dar es Salaam Desemba 2010, na sehemu ya Sinza alikokaa huitwa kwa jina lake mpaka leo.

Sasa inawezekana kueleza kwa usahihi zaidi ni nini kinachomwinua mfiwa katika utunzi. Watu husema muziki huliwaza, na neno hilo ni kweli, ila ni jepesi mno. Kuliwazwa ni jambo la kupokea, hali mtungaji anatoa. Kwanza hutafuta neno moja litakalosimama badala ya mengi. Pili hulitia katika kipimo, kama ilivyokwisha elezwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, huacha nafasi. Kiitikio ni nafasi iliyoachwa makusudi kwa ajili ya sauti za wengine; mtunzi asiyeiacha ameimba peke yake. Mfiwa anayeacha nafasi hiyo amekiri jambo gumu, kwamba msiba wake haumtoshi yeye mwenyewe kuubeba, na kwamba wengine wana haki ya kuushika hata kama hawakumjua marehemu. Ustahimilivu huanza katika kukiri huko. Katika ngoma za vijijini manju huanzisha neno na kunyamaza, akasubiri. Sekunde hizo za kusubiri ndizo zenye hatari. Waitikiaji wakiitika, manju ana nguvu ya kusema neno la pili.

Jambo hili halikukoma na bendi za magitaa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaingia mji wa Kilosa, ukaondoa maelfu ya watu katika nyumba zao na kung'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Nchi iliyojengwa na reli ikaona reli ikielea. Miaka michache baadaye, jimbo la Mikumi, lililo katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, lilimchagua mwanamuziki kuwa mbunge wake. Joseph Haule, ambaye vijana walimfahamu kwa jina la Profesa Jay tangu enzi za kundi la Hard Blasters, aliliwakilisha jimbo hilo kuanzia 2015 hadi 2020. Albamu yake ya mwaka 2001 iliitwa Machozi, Jasho na Damu, na kwa hiyo hakuwa mgeni wa habari za mateso; lakini yalikuwa mateso ya wananchi, yaliyosimuliwa na mtu mzima wa afya.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 aliugua ugonjwa mzito, akalazwa kwa muda mrefu, na watu wengi walimkatia tamaa. Alipotoka, wimbo wake ulibeba kwa jina idadi ya siku alizokaa hospitalini: Siku 462. Wasifu wa namna hiyo ni mpya kwa jambo moja, kwamba una tarakimu. Watungaji wa zamani waliacha tarehe nje ya wimbo. Huyu ameiweka mlangoni. Hata hivyo umbo la kale limebaki. Aliyekaribia kufa husimulia kwa maneno yake, na kiitikio hushikwa na mwimbaji mwingine, Walter Chilambo, ambaye hujulikana zaidi kwa nyimbo za dini. Baada ya hapo Haule alianzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wa figo. Mtu aliyeitikiwa aligeuka akawa mwitikiaji, na hiyo ndiyo sheria ya kale ya matanga: uliyeketi naye msibani atakuja kuketi kwako, na asipofika, watu watauliza.

Kutokana na mifano hiyo wanafunzi wa historia wana la kufanya. Hazina ya kanda za radio ya taifa imehifadhi sauti nyingi za bendi za mikoani, lakini kanda hutunza sauti ya kiongozi kuliko ya waitikiaji, na aghalabu haielezi wimbo ulitungwa baada ya mazishi ya nani. Habari hiyo imo vichwani mwa wazee. Katika Magomeni ya Kilosa, Kimamba na Mikumi wangali wako watu waliocheza dansi za miaka ya 1960 na 1970 na kuitikia nyimbo zake. Anayeujua wimbo wa Kilosa Jazz kwa moyo anajua pia ni nani aliyelia uliposikika mara ya kwanza, na ni nani aliyeondoka uwanjani kwa kuwa hakuweza kustahimili. Wazee hao ndio nusu ya pili ya wasifu ambao mwanamuziki hakuuandika. Kuwauliza kunahitaji kalamu, kanda na saa chache za subira, na hilo laweza kufanywa mwaka huu. Kwa kuwa waitikiaji nao hufa, na kiitikio kisichokumbukwa na mtu humwacha kiongozi wake akisubiri.